Amplifaya ya Marehemu Bibie

Fundi Muhidini wa Majengo, pale Mbeya, alikuwa na sikio moja tu linalofanya kazi. La kushoto lilikufa utotoni, baada ya surua na usaha usiokwisha, likabaki mahali pa kuchomekea kalamu. Hebu fikiri, fundi redio mwenye sikio moja! Nani angempelekea redio yake? Kwa hiyo alificha. Meza yake ya kazi, iliyokuwa sebuleni mwake, aliisogeza hadi ukuta ukawa kushotoni kwake, na mteja, atake asitake, akawa hana budi kusimama upande wa kulia. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya Muhidini ilikuwa mkewe, Bibie.

Bibie alikuwa mtu wa Iringa mjini, binti wa muuza nguo aliyetoka Kilwa zamani, na mwenyewe alikuwa fundi cherehani. Wakitoka kwenda sokoni au kwenye shughuli za watu, yeye alitembea kushotoni kwa mumewe siku zote. Mtu akitoa salamu kutoka upande ule, Bibie alimgusa mumewe kiwiko, naye Muhidini akageuka akaitikia kwa bashasha. Majengo nzima iliwasifu kwamba wanapendana hata hawaachani mikono. Walipendana kweli, lakini ule mkono kiwikoni ulikuwa kazini.

Kuna jambo jingine ambalo wenye masikio mawili hatulijui. Sisi tukiitwa tunageuka tulikoitiwa, bila hata kufikiri. Mwenye sikio moja anasikia jina lake vizuri tu, ila hajui limetoka wapi. Muhidini akiitwa barabarani alizungusha macho huku na huko kama mtu aliyepoteza kuku, mpaka Bibie amwelekeze.

Mwaka 1971 Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa kule Mbozi alifungasha virago arudi kwao. Bibie alikuwa amemshonea mke wake mapazia na magauni kwa miaka mingi, na yule mama alipokuwa anagawa vitu, akampa amplifaya ya stirio, spika zake mbili za mbao, pleya, na santuri moja. Vyote vilikuwa vimekufa. Radi ilipita kwenye waya wa umeme ikaunguza kila ilichokikuta.

Bibie alifika nyumbani na mzigo wake juu ya gari la kahawa, akasema, "Bwana, hii ni yangu. Wewe ni fundi tu, usije ukajisahau."

"Fundi wako nitalipwa nini?"

"Utapewa chai."

Wakacheka. Wangejua utani ule utakuja kuwa sheria, labda wasingecheka sana.

Ile amplifaya ilikuwa ya zamani hata wakati huo, ya zile taa za kioo ambazo mafundi huziita valvu, zinazowaka rangi ya makaa na kupasha chumba joto. Muhidini aliifungua, akakuta transfoma imeungua hadi inanuka. Vipuri havikuwepo. Akaifumua waya wote wa shaba, akatafuta waya mpya, akaisuka upya mzunguko kwa mzunguko kama mwanamke anayesuka ukili. Valvu moja aliipata Iringa kwenye mashine ya sinema iliyotupwa stoo, nyingine zilikuja kwa utingo wa lori kutoka Dar es Salaam, zimefungwa ndani ya soksi. Mwaka ukapita, na wa pili ukaanza kuisha. Siku valvu zilipowaka zote kwa pamoja, Bibie alipiga kigelegele, na majirani wakaja kuuliza nani amejifungua.

Waliweka spika mbili kwenye ukuta wa sebule, moja karibu na dirisha, nyingine karibu na mlango, na katikati yake ikaning'inia kalenda. Bibie akaketi kitini, mbele kidogo, kati kwa kati. Wakaweka ile santuri ya Mzungu. Alikuwa mwanamke anaimba na gitaa, kwa lugha ambayo hakuna aliyeifahamu.

"Muhidini," Bibie akasema, na sauti yake ikawa ya kunong'ona, "huyu mwanamke yumo humu ndani."

"Yumo wapi?"

"Amesimama pale, kwenye kalenda. Hayumo kwenye spika hii wala ile. Amesimama hewani. Na gitaa liko dirishani."

Muhidini alitazama kalenda. Hakukuwa na mtu. Yeye alisikia wimbo, mzuri, safi, lakini ulikuwa wimbo tu, umejaa chumba kizima kama moshi. Akadhani anataniwa. Basi siku nyingine, Bibie akiwa amefumba macho kitini, yeye akazungusha kitufe kile cha kupunguza upande mmoja na kuongeza wa pili, kidogo kidogo, bila kusema neno.

"Unampeleka wapi?" Bibie akauliza, macho bado yamefumba. "Anakwenda dirishani. Mrudishe!"

Toka siku ile aliamini. Yeye ndiye aliyeifufua ile mashine, lakini kitu ilichokifanya alikipata kwa kusimuliwa. Kila jioni baada ya kufunga kazi, Bibie alikaa kitini na Muhidini akakaa sakafuni, kushotoni mwa kiti, ili sikio zima limwelekee, naye akamweleza mama yule leo amesimamaje. Hawakuwa na mtoto. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe ya nyumba yao, na iliwatosha.

Masika ya mwaka 1975 Bibie alishikwa na homa ya mapafu. Mbeya ile baridi yake mnaijua, inaingia hadi kwenye mifupa. Alilazwa siku chache, akafariki dunia alfajiri, na wakamzika siku hiyohiyo kwenye mvua.

Matanga yakaisha, watu wakarudi makwao, na Muhidini akaanza kutembea peke yake. Hapo ndipo mambo yalipomharibikia. Watu walimsalimu kutoka kushoto, naye akapita. Halfani mwenye duka jirani alimtolea salamu mara ya kwanza, akapita. Ya pili, akapita. Ya tatu Halfani akamwekea kinyongo. Pale Majengo, mtu asiyeitikia salamu ni sawa na aliyekutukana. Wakaanza kusema msiba umempa kiburi, wengine wakasema anadhani ni wao waliomuua mkewe. Muhidini aliziona nyuso zikigeuka, na sababu aliijua. Lakini kusema "sisikii upande huu" ni kufunga duka la redio kwa mkono wake mwenyewe. Akanyamaza. Hakuna upweke mbaya kama wa mtu anayekaa katikati ya watu wanaomfahamu.

Baada ya arobaini, shemeji yake Jaha akapanda basi kutoka Iringa. Huyu ndiye ndugu pekee wa Bibie, kaka yake wa tumbo moja, mfanyabiashara wa maharage, mtu wa swala tano na maneno machache. Walikaa sebuleni wakanywa kahawa.

"Shemeji," Jaha akasema, "sikuja kukunyang'anya kitu. Lakini marehemu asiachwe na mali isiyogawanywa. Inamlemea huko aliko."

"Cherehani tumeuza, tumegawana. Kanga zimetolewa sadaka. Kimebaki nini?"

Jaha akaelekeza kidevu kwenye amplifaya. "Hicho."

"Hicho nimekitengeneza mimi, shemeji. Kilikuwa maiti."

"Ulipokitengeneza, kilikuwa cha nani?"

Muhidini angeweza kusema uongo, na mashahidi hawakuwepo. Lakini alimsikia Bibie akisema wewe ni fundi tu, na ulimi ukakataa. "Cha Bibie," akasema.

"Basi marehemu hana mtoto, hana wazazi. Mume nusu, kaka aliyebaki nusu. Na kisichogawika huuzwa, watu wakagawana thamani. Sikutunga mimi."

Kumlipa Jaha nusu yake ili abaki nacho, Muhidini hakuwa na uwezo huo. Wateja walikuwa wamepungua kwa yale yale ya salamu. Hasira ikampanda. "Kinagawika," akasema. "Nitakikata katikati. Uchukue nusu yako na spika yako, mimi nibaki na yangu."

"Shemeji, mirathi haina masihara."

"Sifanyi masihara."

Jaha akavaa koti lake, akaenda stendi bila kumaliza kahawa.

Na kweli hayakuwa masihara. Amplifaya ya stirio, ukiifunua mfuniko, ni amplifaya mbili: ya kulia na ya kushoto, mapacha wamelala ubavu kwa ubavu, kila mmoja na valvu zake, na katikati yao transfoma moja inayowanyonyesha wote. Muhidini aliweza kabisa kusuka transfoma ya pili. Angekata bati, angetenga nyaya, na kila mtu angepata mashine yake inayoimba. Tena kwa mtu wa sikio moja, nusu ile si nusu, ni nzima! Jaha atapata haki yake, sheria itaridhika, na yeye hatapoteza chochote. Aliona amewashinda wote kwa akili, akalala vizuri kuliko siku zote tangu msiba.

Siku iliyofuata mvua ilinyesha mchana kutwa na hakuna mteja aliyekuja. Muhidini akaibana amplifaya kwenye jiliwa, akaandaa msumeno wa chuma, akachora mstari kwa chaki. Kabla ya kukata akataka kuhakikisha kuwa upande mmoja utajitegemea. Akachomoa valvu za upande wa kushoto, akaziviringisha kwenye kitambaa. Akaweka ile santuri, akakaa kitini kwa Bibie, kati kwa kati, akasikiliza.

Wimbo ukaja vilevile. Ulikuwa safi, mzuri, umejaa chumba. Alisikiliza upande mzima wa santuri, akingojea aone kasoro, na kasoro haikuja. Akafurahi. Halafu macho yake yakaenda kwenye kalenda, na furaha ikamwisha.

Kama Bibie angekuwepo, angepiga kelele. Angesema yule mama ameondoka, amekwenda wapi, mrudishe! Maana sasa hakuwepo. Spika moja haiwezi kumsimamisha mtu hewani. Yule mama alisimama kwa nguvu za pande mbili zikikutana. Muhidini alikuwa amemtoa chumbani mtu ambaye mkewe alimpenda kwa miaka miwili, na hakusikia hata mlango. Angeweza kuishi na nusu ile mpaka afe, aone ana kila kitu, kumbe ana sauti tu. Aliogopa. Alijiona ni mtu ambaye anaweza kuvunjiwa nyumba akaendelea kufagia.

Akalia siku ile kuliko siku ya mazishi, kwa sababu siku ya mazishi watu walimshika. Kisha akarudisha valvu kila moja mahali pake, akafuta ile chaki kwa kiganja. Kama anataka yule mama aendelee kusimama, hana budi ampe mtu wa masikio mawili, na mashine iende nzima. Akamtumia Jaha salamu kwa dereva wa basi la Iringa: nitauza.

Lakini hakutaka kuuza ovyo. Wa kwanza kuja alikuwa Kalinga, mwenye baa kule Makongolosi, ambako wachimba dhahabu wakishapata hawakumbuki kesho. Alikuja na noti zake mkononi. Muhidini akamkalisha kitini, akampigia ile santuri.

"Niambie, huyu mwanamke amesimama wapi?"

"Mwanamke gani?" Kalinga akageuka nyuma kutazama mlango. "Bwana fundi, mimi nataka kujua inapiga mpaka wapi. Wale jamaa wakilewa hawasikii kitu kidogo."

"Fumba macho, usikilize tena."

"Nifumbe macho hela ninazo mkononi? Weka santuri ya dansi, ongeza sauti!"

Muhidini akazima. Alimwambia haiuzwi, na Kalinga akatoka akitangaza Majengo nzima kwamba fundi wao amerukwa na akili. Halfani wa dukani hakushangaa hata kidogo.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja jioni akaingia mzee mrefu mwenye koti la kaki na fimbo ya kuchungia, ameleta redio ya betri, aina ya Mkulima, iliyolowa maji. Jina lake lilikuwa Mihayo. Alikuwa Msukuma, miongoni mwa wale waliohamia na mifugo yao uwanda wa Usangu, na kule Rujewa alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga inayoendeshwa na jenereta. Alimkuta Muhidini anaifanyia majaribio amplifaya, akasimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha.

"Mwadila, bhabha," akasalimia kwa Kisukuma. Alikuwa upande wa kulia, kwa bahati. "Hii kitu inaimba. Unauza?"

"Kaa hapo kwanza, mzee. Halafu uniambie mwanamke anayeimba amesimama wapi."

Mihayo akakaa, fimbo kati ya magoti. Hakufumba macho. Aliinua kidevu kidogo, akatulia, kama watu wanavyotulia porini. Kisha akanyoosha fimbo yake polepole hadi ncha ikagusa kalenda.

"Yupo pale. Na huyu wa gitaa yupo huku dirishani, kakaa. Hajasimama, huyu kakaa."

Muhidini akasogea karibu naye. Bibie hakuwahi kumwambia kama mpiga gitaa amekaa. "Umejuaje, mzee?"

"Sauti yake iko chini. Mimi nimechunga tangu mtoto, bhabha. Ng'ombe akipotea kwenye matete, humwoni kwa macho. Unamwona kwa sikio." Akamtazama fundi. "Kwani wewe humwoni?"

Neno lile Muhidini hakuwa amemwambia mtu yeyote zaidi ya Bibie. Alimficha shemeji yake, alimwacha Halfani amchukie, alikubali kuitwa mwenye kiburi. Sasa likamtoka mbele ya mtu aliyemfahamu kwa muda wa kunywa chai.

"Sikio langu hili bovu, mzee. Sijamwona hata siku moja. Mke wangu ndiye alikuwa ananiambia, na mke wangu amefariki."

Mihayo hakucheka, wala hakuuliza fundi redio gani huyu. Aliinuka na kiti chake, akakihamisha hadi mahali ambapo angeweza kukaa kati kwa kati na Muhidini akawa kushotoni kwake, sikio zima likimwelekea. "Pole sana, bhabha," akasema. "Rudisha sindano mwanzo wa santuri. Mimi nitakwambia."

Wakasikiliza upande mzima. Mzee akasema sasa anavuta pumzi, sasa kasogea mbele, sasa gitaa limemwacha peke yake. Muhidini alikaa sakafuni, machozi yanamtiririka, hakuyafuta. Ulipokwisha, Muhidini akazima mashine, valvu zikaanza kupiga tik tik za kupoa.

Bei waliipatana bila kuvutana. Mihayo alisema noti hana huku, ila ng'ombe anao, naye atatoa madume wawili. Muhidini akakubali palepale. Sheria inataka nusu kwa nusu, na ng'ombe wawili hawahitaji msumeno. Siku ya makabidhiano Jaha alifika kutoka Iringa, akakuta madume wawili wamefungwa kwenye nguzo ya umeme mbele ya nyumba na watoto wa mtaa wamezunguka. Mmoja alikuwa na pembe iliyovunjika.

"Chagua wewe, shemeji," Muhidini akasema.

"Huyu mwenye pembe moja," Jaha akajibu. "Watu wa Iringa hatuli pembe."

Ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja tangu msiba. Dume aliyebaki walikubaliana achinjwe siku ya hitima ya Bibie. Muhidini alitaka kumweleza shemeji yake habari ya sikio, maana kufungua mdomo sasa alishajua kunawezekana. Lakini Jaha alikuwa na haraka ya lori lililokubali kumbebea ng'ombe, na maneno kama yale hayasemwi mtu akiwa ameshakanyaga gurudumu la lori. Wakaagana kwa kushikana mikono yote miwili.

Mihayo alikuwa amekodi Land Rover. Waliipakia amplifaya ndani ya gunia la pumba za mpunga, spika zikalazwa juu ya magodoro, na ile santuri mzee akaibeba mapajani. Muhidini akamfundisha: spika zisipishane umbali kutoka ukutani, kiti kiwe kati kwa kati, valvu ziachwe zipate moto kwanza. Akarudia mara ya pili, akataka kurudia ya tatu.

"Uje Rujewa," Mihayo akasema, amesimama kuliani kwake. "Uje ukae sakafuni kama siku ile. Nitakwambia tena."

"Nitakuja, mzee, Mungu akipenda."

Rujewa ni mbali, na wote wawili walilijua hilo. Gari likawaka, likatia vumbi barabara nzima, likapinda kona ya soko na kupotea nyuma ya vibanda. Muhidini alibaki amesimama katikati ya barabara. Mara honi ikalia, mara mbili, ndefu, honi ya kuaga. Aliisikia vizuri sana. Akageuka haraka asije akamkosa mzee, akainua mkono juu, akapunga kwa nguvu zake zote, akapunga tena, huku watu wa dukani kwa Halfani wakimtazama. Alikuwa anaupungia mlima wa Loleza. Gari lilikuwa nyuma yake, limeshika njia ya Iringa.